Hati Iliyokuwa Mahali Salama

Watu wa Longisa walimjua Janeffer Chepkosgei kwa chapati zake, na walimjua zaidi kwa maswali yake. Hoteli yake ndogo ilitazamana na geti la hospitali, na mtu akiingia tu, hata kabla chai haijafika mezani, Janeffer alikuwa ameshajua ametoka wapi, amekuja kumwona nani na mgonjwa analala wodi gani. Hakuwa mmbeya, aliyoambiwa aliyaweka. Lakini jambo likimpita bila kulielewa, hakutulia. Angeweza kuwa anasukuma chapati, mkono unaenda wenyewe, kumbe akili iko mbali inafukua.

Ndiyo maana lilimshangaza sana jambo la shangazi yake Rodah. Huyu alikuwa dada wa baba yake, mtu aliyemjua tangu anatambaa, na kama ungemuuliza Janeffer kuna nini asichokijua juu ya Rodah, angekucheka.

Rodah hakuolewa. Baba yake, alipoona miaka inaenda na hakuna wazee wanaokuja kubisha hodi, alimkatia kipande cha shamba kule Sosiot, juu kidogo ya barabara, akamwandikishia hati kwa jina lake. Enzi hizo lilikuwa jambo la kusemwa. Kaka zake walinung'unika: msichana apewe ardhi ya nini? Mzee hakubadilisha neno. Rodah akapanda majani chai, akajenga, akafuga ng'ombe wawili, akaimba kwaya mpaka sauti ikachoka. Hakuna mwenye duka Sosiot aliyewahi kumwandikia Rodah hata chumvi ya mkopo. Alilipa, au alirudi nyumbani bila.

Sasa alikuwa amepita miaka themanini na magoti yalikataa mlima. Janeffer alimbembeleza kwa muda mrefu aje Longisa, ajengewe nyumba ndogo nyuma ya hoteli, karibu na kliniki na karibu na watu. Mwishowe Rodah alikubali, na akakubali pia nyumba ya Sosiot iuzwe pamoja na majani yake. Mnunuzi hakutafutwa mbali. Zack, mwalimu wa sekondari, mtoto wa jirani aliyekulia akirukia uzio wa Rodah kuchuma mapera, aliitaka nyumba ile zaidi ya mtu yeyote.

Kilichokosekana kilikuwa hati.

"Hati iko wapi, Anti?" Janeffer alikuwa amemuuliza mara nyingi.

"Iko mahali salama," Rodah alijibu kila mara, na akabadilisha mazungumzo.

Janeffer alidhani iko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Walipolifungua wakakuta blanketi, Biblia ya Kipsigis na nguo za kwaya. Kwa hivyo Zack akasema wasisumbuke, atamwomba wakili wake aangalie rekodi kule ofisi ya ardhi, kisha watajua namna ya kuomba hati nyingine.

Wiki iliyofuata Zack akaingia hotelini, akakaa meza ya pembeni, akakataa chai. Janeffer akajua kuna neno.

"Mama, kuna kitu," Zack alisema. "Shamba ya shangazi iko na deni."

"Deni ya nani?"

"Ya kile chama cha ushirika cha zamani, kilikuwa na ofisi pale Sosiot. Shamba iliwekwa dhamana na haijawahi kutolewa. Hati yenyewe ilibaki kwao."

Janeffer akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. "Chama hicho si kilikufa kitambo?"

"Kilikufa, lakini deni haikukufa. Mama, mimi bado naitaka nyumba. Lakini wakili amesema nisitoe hata shilingi mpaka hii kitu itoke."

Zack alipoondoka, Janeffer alibaki amesimama katikati ya hoteli. Deni halikumtisha sana. Kilichomkaa kichwani ni kwamba Rodah, Rodah yule yule wa chumvi, aliwahi kuingia ofisi ya watu na kuweka rehani shamba ambalo kaka zake walikuwa wakilitolea macho. Kwa ajili ya nini?

Kesho yake alimwachia hoteli msichana wake wa kazi, akaenda Sosiot. Alimkuta shangazi amekaa jikoni kwenye kigoda, akichambua sagaa. Akakaa karibu naye, akachukua fungu la mboga, akaanza kumsaidia. Kisha akauliza bila kuzunguka.

"Anti, uliwahi kukopa pesa kwa ushirika?"

Mikono ya Rodah ikasimama. Alitazama moto. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anajiongelesha, "Kwani hakumaliza?"

"Nani hakumaliza?"

"Nani nini?"

"Umesema hakumaliza. Ni nani huyo?"

"Sukuma hiyo kuni ndani, inatoa moshi."

Janeffer akasukuma kuni. Akajaribu tena kwa upole, akajaribu kwa mzaha, akajaribu kwa kumtisha kidogo kwamba Zack atatafuta nyumba nyingine. Hakupata kitu. Rodah alimpa maziwa ya mursik kwenye kikombe kikubwa na kumuuliza habari za mtoto wa msichana wa kazi. Lakini Janeffer alimwangalia usoni na kuona kwamba hana aibu ya mtu aliyekamatwa. Alionekana ameshtuka. Alikuwa mtu aliyeamini kwa miaka mingi kwamba jambo fulani limeisha, na sasa ndiyo kwanza anaambiwa halikuisha.

Basi hata yeye hakujua, Janeffer aliwaza akiteremka kwenda barabarani. Kuna mtu aliyepaswa kulimaliza deni hili, na shangazi anamjua.

Kule Kericho mjini, kwenye ofisi ya serikali inayosimamia vyama vya ushirika, alihudumiwa na mama mmoja aliyeitwa Amondi, mtu wa maneno machache na miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Amondi alichukua namba ya shamba, akaingia chumba cha ndani, akakaa huko muda mrefu. Alirudi na vumbi kwenye mikono ya sweta.

"Bahati yako. Chama kilipofungwa, madeni yake na hati zake zililetwa hapa. Hati ya shangazi yako iko kwa kabati."

"Na deni?"

Amondi akamwonyesha kilichobaki. Janeffer alisoma mara mbili. Enzi zile ingekuwa pesa ya kumnyima mtu usingizi. Sasa haikupita bei ya mtamba mzuri.

"Riba ilisimama siku chama kilifungwa," Amondi alieleza. "Na si kwamba hakuna kilicholipwa. Sehemu kubwa ililipwa, tena vizuri, bila kukosa. Halafu kimya."

"Nani alikuwa analipa?"

"Hapa haisemi."

"Na pesa yenyewe ilikuwa ya nini?"

"Hiyo pia haisemi. Karatasi za maombi ya mkopo zililiwa na mchwa kabla mimi sijaajiriwa." Amondi akavaa miwani, akamtazama vizuri. "Mama, si ulipe tu? Ukilipa leo, tunaanza kuandika barua ya kuachilia shamba. Kwani unataka kujua ya nini?"

Lilikuwa swali zuri. Mtu mwingine angelipa, akachukua hati yake na kushukuru Mungu. Janeffer alifungua mkoba, akaufunga tena. Alijiambia kwamba si haki shangazi kulipa deni ambalo huenda ni la mtu mwingine. Hilo lilikuwa kweli. Lakini kweli kubwa zaidi ni kwamba kama angelipa siku ile, mlango ungefungika na asingejua kamwe.

"Nipe wiki moja," akamwambia Amondi.

Alirudi Sosiot bila kumwambia Rodah, akaenda moja kwa moja kwa Atuti, fundi wa viatu aliyekaa pembeni ya soko tangu Janeffer akiwa msichana. Atuti alikuja kutoka Kisii akiwa kijana, na viatu vya Sosiot nzima vilikuwa vimepitia magotini pake. Janeffer akavua kiatu kimoja kilichokuwa na soli nzima kabisa, akampa.

"Hii haina shida," Atuti alisema akiigeuza.

"Shona tu kidogo. Mzee Atuti, zamani zile, wakati wa ushirika, rafiki ya Anti Rodah alikuwa nani?"

Atuti akacheka bila kufungua mdomo, akachukua sindano. "Rafiki? Ni Esnah. Esnah Mokeira wa ndizi. Hukuona mmoja bila mwingine. Esnah akiwa sokoni, shangazi yako ako hapo nyuma yake amekaa kwa gunia. Halafu siku moja ikaisha."

"Ikaishaje?"

"Mimi nashona viatu, mama."

"Na huyo Esnah bado ako hai?"

"Ako Sigowet. Kijana yake ako na duka ya misumari na mabati. Uliza tu Esnah, utaonyeshwa."

Janeffer alilipia kushonewa kiatu kizima, akashukuru.

Boma la Esnah lilikuwa nyuma ya duka la mwanawe, limezungushiwa ua wa michongoma iliyokatwa vizuri. Janeffer alipobisha hodi hakujibiwa na mtu. Alijibiwa na kuku. Walitoka kwa wingi, na alipotazama walikotoka akaona kichwa cha lori kimekaa juu ya mawe, bila magurudumu, bila kioo, milango imetolewa na badala yake kumewekwa wavu. Rangi ilikuwa imeliwa na kutu, lakini juu ya pengo la mlango ilibaki kiasi cha kutosha. Ilikuwa buluu.

Janeffer aliijua buluu ile. Mara ya kwanza alipokwenda sekondari, sanduku lake lilipakiwa kwenye lori la rangi hiyo, naye akapandishwa juu ya mikungu ya ndizi. Mbele, kati ya dereva na mama mmoja aliyevaa kitambaa chekundu kichwani, alikaa Shangazi Rodah, kiwiko chake kimeegemea dashibodi, anaangalia barabara kama mtu anayekagua shamba lake. Janeffer alidhani amepewa lifti.

"Unaangalia kuku ama unaangalia gari?"

Mama mzee alikuwa amesimama mlangoni, mnene, kanga kiunoni, ufagio mkononi. Alimtazama Janeffer kwa makini, akasogea hatua moja, akatazama tena.

"Wewe ni wa kwa Rodah," alisema. "Hiyo paji ya uso ni yao. Amekufa?"

"Hapana, mama. Ako mzima. Ni magoti tu."

Esnah akashusha pumzi, akaegemeza ufagio ukutani. "Kama hajakufa, basi umekuja juu ya ile deni. Ingia."

Alimpa chai na viazi vitamu, akangoja mgeni ale kidogo, kisha akaanza kusimulia bila kuulizwa. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, Janeffer hakuwa na haja ya kuuliza kitu.

Esnah alikuwa akinunua ndizi Kisii na kuzileta Sosiot kwa malori ya kukodi. Alipiga kazi kama punda na faida yote ikaenda kwa wenye malori. Rodah alikuja kununua ndizi, akakaa, akaona, siku nyingine akaja tena akakaa zaidi. Alikuwa na kichwa cha hesabu. Siku moja akamwambia, "Wewe uko na akili ya soko, mimi niko na karatasi ya shamba. Hao wenye malori wana nini?" Esnah alidhani ni mzaha. Haikuwa mzaha.

"Alisema kitu moja tu," Esnah alisema. "Mtu asijue. Baba yao alikuwa bado hai, na kaka zake walikuwa wanangoja akosee kidogo tu. Wangesikia ameweka shamba kwa ushirika wangesema, mnaona? Tulisema mwanamke asipewe. Kwa hivyo lori ikaandikwa jina yangu. Ndugu yangu Nyagaka akaendesha. Tukienda Kisii tunabeba kabichi, tukirudi tunabeba ndizi, na kukiwa hakuna ndizi tunabeba mawe ya kujenga. Kila mwezi tunalipa ushirika kwanza, halafu tunagawa. Umeona mabati ya nyumba ya Rodah? Watu wote walisema ni bonasi ya majani chai. Bonasi gani! Ilikuwa ndizi."

Alicheka mpaka kitambaa kikateleza kichwani. Kisha kicheko kikaisha.

"Ni Nyagaka aliharibu, na hakujua. Alipeleka lori ipakwe tena hiyo rangi ya buluu Kericho, akawaambia waandike mbele, kubwa kabisa, MALI YA ESNAH. Alitaka kunifurahisha. Lori ikaingia soko siku ya soko, watu wanapiga makofi. Rodah alikuwa amebeba kikapu. Akasoma. Akaweka kikapu chini, akaenda nyumbani bila kikapu."

"Ukamfuata?"

"Nilimfuata. Nikamwambia ni Nyagaka, si mimi. Akasema, basi futa. Nikamwambia nikifuta leo, watu watauliza mbona nimefuta, wewe ndiye ulisema mtu asijue. Halafu akasema, basi ni yako. Chukua lori, na uchukue na deni." Esnah alitazama mikono yake. "Nilikasirika sana. Nilisema huyu mtu ndiye alitaka jina yake ifichwe, sasa anataka nini? Nimekuja kuelewa nikiwa mzee. Kuficha jina yako ni kitu moja. Kuona ya mwingine imeandikwa na rangi ni kitu ingine."

Baada ya hapo Esnah alihamia soko la Sigowet na lori lake. Aliendelea kulipa. Kila mwezi alimtuma Nyagaka ofisini, mpaka mwezi mmoja Nyagaka akarudi na pesa mkononi. Ofisi ilikuwa na kufuli, na watu walisema viongozi wa chama wamekimbia. Esnah aliziweka pesa zile, akangoja mtu aje kudai. Hakuja mtu. Mtoto akaugua, pesa zikatumika. Gia za lori zikafa. Kila mwaka alisema ataenda Sosiot amwambie Rodah kwamba deni halijaisha, na kila mwaka ilikuwa vigumu zaidi kuliko ule uliotangulia.

"Mpaka nikaanza kusema labda alimaliza mwenyewe," alisema. "Yeye ni mtu wa kulipa."

"Na yeye alisema labda wewe umemaliza," Janeffer alijibu. "Hakuenda kuuliza hati yake, kwa sababu kuuliza ni kujulikana."

Nje, kuku mmoja alitoka dirishani mwa lori akaruka chini.

"Twende," Esnah alisema, akisimama. Akakaa tena. "Hapana. Kesho. Leo sina nguo."

Janeffer akampigia Rodah simu. "Anti, kesho nakuja na mgeni."

"Mgeni gani?"

"Utamwona."

"Ni Zack? Ni wakili? Janeffer, ni mwanamume ama mwanamke?"

Janeffer akakata simu, na hakuona vibaya hata kidogo.

Kesho yake Rodah alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake tangu walipoanza kupanda njia, kwa hivyo alikuwa na muda wa kutosha kumwona anayekuja. Hakuingia ndani wala hakusogea mbele. Esnah alipanda polepole, akisimama mara kwa mara kupumua, amevaa gauni la kanisani, na mwanawe nyuma yake amebeba mkungu wa ndizi. Walipofika uani, wale wazee wawili wakatazamana. Mmoja lugha yake ni Kipsigis na mwingine Kigusii, na kati yao hakukuwa na lugha nyingine ila Kiswahili kile cha sokoni walichokitumia tangu ujana.

"Ulinenepa," Rodah alisema.

"Na wewe ulikauka."

"Hukumaliza."

"Sikumaliza. Ofisi ilifungwa."

"Ungekuja uniambie."

"Nikija ungefungua mlango?"

Rodah akafikiri. Hakuwa mtu wa kusema uongo ili mgeni afurahi. "Ile mwaka, hapana," alisema. "Mwaka ya kufuata ningefungua."

Esnah akaangua kilio palepale, kilio kifupi, kisha akajifuta kwa upande wa kitambaa. Rodah alimtazama, akamtazama mwanawe aliyebaki na mkungu begani, akasema, "Huyu kijana atasimama na hiyo mzigo mpaka lini? Ingieni."

Ndani walibishana. Esnah alitaka kulipa deni lote, akaweka mkoba wake mezani. Rodah akausukuma.

"Lori ilikuwa ya wawili. Tunalipa nusu kwa nusu."

"Lakini uliniambia nichukue na deni!"

"Nilikuwa na hasira. Kwani mtu hawezi kuwa na hasira?"

"Hasira ya miaka yote hii?"

"Ya kwanza ilikuwa hasira," Rodah alisema. "Hiyo ingine nilikuwa sijui njia ya kurudi."

Janeffer alikuwa jikoni akimenya ndizi, na alisikia kila neno. Aliona haya kidogo, si kwa kusikiliza, maana hilo alilizoea, bali kwa sababu amekuwa akiingia jikoni humo maisha yake yote, amekula chini ya mabati hayo, na siku zote alimhesabu shangazi yake kama mtu ambaye hakuna lililomtokea.

Juma lile walikwenda Kericho wote watatu. Amondi alipokea malipo, akawaandikia stakabadhi, akawaeleza kwamba barua ya kuachilia shamba itasainiwa na mkubwa wake, kisha ipelekwe ofisi ya ardhi, na kwamba wawe na subira. Alipomaliza akavua miwani. Inaonekana swali lilikuwa limemwingia yeye pia.

"Sasa mama, niambie," alimgeukia Rodah. "Hii pesa ilikuwa ya nini?"

Janeffer alifungua mdomo kumsaidia shangazi akwepe. Rodah alimtangulia.

"Tulinunua lori," alisema, kwa sauti iliyosikika mpaka benchi la nje. "Mimi na huyu. Buluu. Tani saba."

Amondi akawatazama, vikongwe wawili wenye mikoba magotini, akasema "Ala!" kisha akainuka kwenda kuwatafutia chai.

Subira ilihitajika kweli. Mara mkubwa yuko semina, mara mtambo wa ofisi ya ardhi umelala. Zack alihangaika, akaja hotelini akisema ameonyeshwa nyumba nyingine kule Kapsoit, akarudi tena akisema ile nyingine haina mapera. Mwishowe hati ilitoka, safi, bila neno lolote juu yake. Zack akalipa kama walivyopatana, na Rodah akamkabidhi funguo na kumweleza ni mti upi usikatwe na ni bati lipi linavuja. Aliondoka bila machozi. Alisema nyumba iliyotumiwa vizuri haimlizi mtu.

Lakini jambo moja lilibaki, na hilo alilifanya mwenyewe. Baba yake Janeffer, mzee Kipkoech, ndiye kaka pekee wa Rodah aliyekuwa bado hai. Alikuwa na umri wa kuheshimiwa na ukali wa kutosha. Alipokuja Longisa kuona nyumba mpya ya dada yake, Rodah alimkaribisha kiti, akamimina chai, akamwambia yote tangu mwanzo: hati, ushirika, Esnah, ndizi. Janeffer alisimama kwenye mlango wa nyuma wa hoteli na trei mkononi.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza polepole, "Ile lori ya buluu?"

"Hiyo."

"Iliyoleta mbao za nyumba yangu kutoka Kipkelion?"

"Hiyo hiyo."

"Nililipa, Rodah! Nililipa pesa yote!"

"Ulilipa. Uliomba upunguziwe, Esnah akakataa. Mimi ndiye nilimwambia akatae."

Mzee Kipkoech aliweka kikombe chini. Janeffer alijiandaa kuingilia kati. Alimjua baba yake, na alijua jinsi neno shamba lilivyoweza kumwasha. Mzee akainama, akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakivuta mbele mpaka magoti yake yakakaribia kugusana na ya dada yake.

"Na matairi," alisema, "mlikuwa mnanunua wapi? Maana ile barabara ya Sondu siku za mvua ilikuwa inakula matairi vibaya."

Rodah akajiweka sawa kitini. "Ya kwanza tulidanganywa," alianza. "Kulikuwa na Mhindi mmoja Kericho..."

Mbele ya hoteli watu watatu walikuwa wakingoja chapati na mmoja alikuwa akigonga meza kwa kijiko. Janeffer aliwasikia. Lakini alibaki pale mlangoni, trei imemwegemea kiunoni, kwa sababu habari za matairi hata yeye hakuwa amefikiria kuziuliza.